Mzimu Hauombi Chumvi

"Mzimu hauombi chumvi." Ndivyo alivyosema Mama Klotida asubuhi hii alipomkuta Jovito amejifunika shuka gubigubi, eti ana homa, eti hawezi hata kuinua kichwa, na papo hapo akauliza kama kuna ndizi za kukaanga zilizobaki jikoni. Mkacheka. Jovito naye akaona haya, akaamka, akaenda kukata majani ya mbuzi. Sasa mmenizunguka mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Lakini mikono isikae bure. Mbaazi hizo hapo, menyeni. Mtu akiacha kumenya, na mimi naacha kusimulia.

Methali hii ilianza hapa hapa kwetu Sentodili, upande wa pili wa kilima, na aliyenisimulia mimi ni bibi yangu, ambaye alikuwepo na alicheka mpaka akafungua mkanda wa gauni.

Palikuwa na mjane aliyeitwa Zefirina. Mumewe, Bartelemi, alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya puani, na kila akimaliza kusema alikohoa kidogo, khe, kama anayeweka nukta. Hawakujaliwa mtoto. Walichojaliwa ni shamba la bondeni, lile lenye chemchemi na mashelisheli. Walilikuta kichaka na mawe matupu. Mawe waliyang'oa wao wawili kwa mikono yao, wakayajengea ukuta, na Bartelemi alipofariki Zefirina alibaki na shamba lile na jembe lake, basi. Hana kingine.

Sasa Bartelemi alikuwa na mdogo wake, Teofani. Huyo alikuwa mtu wa kula. Simsingizii, mwenyewe angewaambia. Tena alikuwa na ulimi wa ajabu: samaki wa chumvi, ambaye sisi wote tunamloweka kwanza ili chumvi ipungue, yeye alimwongezea chumvi. Mihogo chumvi, embe chumvi, uji chumvi. Kupika hakujua. Jikoni aliingia kuonja tu.

Kaka yake hajakauka kaburini, Teofani akaanza: "Shemeji, shamba lile ni la damu. Wewe si damu. Wewe uliolewa." Leo anapita, anasema hivyo. Kesho anapita, anasema hivyo, na shelisheli moja anaondoka nayo kwapani.

Zefirina alikonda kwa mawazo. Akinyang'anywa shamba aende wapi? Alikuwa na kaka yake kule kaskazini, lakini nyumba ya kaka ina mke wa kaka, na mke yule alikuwa akimtazama mgeni mdomoni tangu anapomega tonge mpaka anapomeza. Kula kwa jicho la wifi, wajukuu zangu, ni afadhali njaa. Zefirina alikuwa akilia waziwazi, barabarani, bila kujificha, akisema, "Mawe yale niliyabeba mimi! Mgongo huu ndio hati yangu!"

Wazee wakaitwa kuamua. Nao, kama kawaida ya wazee wakiogopa lawama, wakasema tungoje Siku ya Jiwe, marehemu mwenyewe aseme.

Nyinyi Siku ya Jiwe mnaijua kwa sababu ya kuku na ngoma. Lakini sikilizeni vizuri, maana bila hili hamtaelewa kitu. Mtu akifa kwetu, kaburi lake huachwa udongo mtupu mpaka ardhi itulie. Ikitulia, ndugu husimamisha jiwe. Siku hiyo marehemu huja nyumbani pamoja na wazee wote waliomtangulia, waje wale sahani yao. Huja saa sita mchana, jua la utosi, wakati kivuli cha mtu kinapojificha chini ya nyayo zake. Chakula huandaliwa chumbani alimokuwa akilala, mlango ukafungwa, sisi wazima tukakaa uani na ngoma. Mwenye neno na marehemu huenda kulisema mlangoni. Na atakachojibu marehemu siku hiyo hakina rufaa. Hata padri hunyamaza.

Ila wafu wetu wana adabu, hawapayuki. Hujibu kwa ishara. Kijiko kimelazwa kifudifudi, ramu imepungua kwenye bilauri. Na ramu, niwaambie ukweli, haikosi kupungua.

Na mzima yeyote akila sahani ile kabla wazee hawajaondoka, siku akifa hapigiwi ngoma. Anafukiwa kimyakimya kama paka. Hilo watu waliliogopa kuliko moto.

Jambo la mwisho, Merlisa, acha kula mbaazi mbichi, jambo la mwisho ni chumvi. Chakula cha wazee hakitiwi chumvi hata punje. Kwa nini? Kwa sababu wale wa kwanza walioletwa hapa na merikebu kulima miwa ya watu, waliokataa kula samaki wa chumvi wa bwana mwenye shamba walibaki wepesi. Siku moja waliweka majembe chini, wakanyanyuka juu ya miwa, wakaruka kurudi Gine, ndivyo wazee walivyoiita Afrika yote. Waliokula chumvi walijaribu kuruka wakaangukia matako. Sisi ni kizazi cha walioanguka. Basi wafu wetu tunawapikia bila chumvi, ili waje wepesi na warudi wepesi. Hili kila mtoto wa Sentodili analijua. Hata Teofani alilijua, lakini ulimi wake haukuwa umeambiwa.

Siku ya Jiwe ikafika. Asubuhi watu wote wakaenda kaburini kusimamisha jiwe la Bartelemi. Wote ila Teofani. Teofani alisema tumbo linamsokota. Kijiji kilipobaki kitupu, tumbo likapona ghafla. Alipanda dirishani kwa Zefirina, akaingia chumbani, akajiviringisha chini ya kitanda na shuka likamsitiri. Akatulia humo tangu asubuhi, hajanywa hata chai.

Watu wakarudi. Wanawake wakaingiza vyakula: kuku mzima wa kuchoma, shelisheli, viazi vikuu, sima ya mahindi na mchuzi wa mbaazi. Wakaviweka juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na ramu pembeni. Fikirini mtu mwenye njaa, amelala sakafuni, harufu ya kuku inamshukia usoni. Lakini akavumilia. Mtu mwenye tamaa ya shamba huvumilia.

Mlinzi wa mlango siku ile alikuwa Mama Idoni, mwanamke mfupi, mkali, asiyepindisha mila hata kwa unywele. Akafunga mlango, akaweka kiti chake mbele yake, akakaa. Babu Sirilo, mpiga ngoma, akaanza taratibu. Jua likafika utosini. Mama Idoni akasema, "Mwenye neno."

Zefirina akasogea mlangoni. "Bartelemi mume wangu," akasema, "nimekutunzia jina lako na shamba lako. Mdogo wako anasema si langu. Nionyeshe ishara. Lile shamba la bondeni ni la nani?"

Akangoja ishara. Badala ya ishara, ikatoka sauti.

"Zefiriiina! Ni mimi, Bartelemi. Khe! Shamba la bondeni mpe mdogo wangu Teofani. Ni damu yangu. Khe!"

Yesu na Maria! Ngoma ilimtoka Babu Sirilo mikononi ikabingirika mpaka kwenye banda la kuku. Watu waliruka, wengine wakapiga magoti, mwanamke mmoja akazimia, alipoona hakuna wa kumdaka akazimia polepole. Tangu kisiwa kiumbwe hakuna mzimu uliowahi kusema waziwazi. Na sauti ilikuwa ya Bartelemi kabisa, ya puani, na kikohozi chake. Ndugu wa tumbo moja, koo moja.

Zefirina alikaa chini mavumbini. "Nimesikia, mume wangu," akasema. "Kama ndivyo unavyotaka, nimesikia." Kisha akalia, na bibi yangu alisema kilio kile kiliwatoa watu wengi machozi, maana wote walijua nani aliyeyabeba yale mawe. Lakini nani atabishana na marehemu?

Kule ndani Teofani akaona kazi imekwisha. Akatoka chini ya kitanda, akanyoosha mgongo, akamtazama yule kuku. Akajisemea, paja moja tu. Watadhani ni wazee. Akang'oa paja, akauma, akatafuna.

Chapwa! Akaonja sima. Chapwa. Akaonja mchuzi. Chapwa kama maji ya kuoshea sahani. Masikini, alikuwa na njaa ya tangu asubuhi, ameshinda shauri lake, chakula kimejaa mezani, na hakiliki. Ulimi ukamshinda akili. Huku mdomo umejaa, akaita:

"Zefirina! Chakula hiki hakina chumvi! Hebu niletee chumvi. Khe!"

Uani watu wakatazamana. Hata yule aliyezimia alifumbua jicho moja.

"Imesema nini sauti?" akauliza Babu Sirilo, ambaye alikuwa bado anatafuta ngoma yake.

"Imeomba chumvi," akasema Mama Idoni polepole.

"Mzimu?"

"Mzimu."

"Labda huko waliko mambo yamebadilika," akasema Babu Sirilo. "Dunia inabadilika, na ahera vilevile."

Zefirina aliacha kulia. Alijifuta uso kwa ncha ya kilemba, akasimama, akasogea mlangoni mpaka pua inagusa mbao. Akasema kwa upole sana, "Bartelemi, mume wangu. Ukila chumvi utakuwa mzito. Utarukaje kurudi Gine?"

Ndani wakasikia mfupa ukivunjwa. Kisha sauti ikajibu, "Wewe leta tu. Nitakwenda kwa miguu."

Watu walijiziba midomo kwa vilemba, kwa kofia, kwa mikono ya watoto wao. Mabega yakawa yanatikisika. Kijana mmoja akataka kuuvunja mlango amtoe mwizi kwa masikio, lakini Mama Idoni akanyanyua fimbo. "Mlango haufunguliwi kabla ya ngoma ya kuwasindikiza wazee. Aliyemo ndani kwa sasa ni mzimu. Mila ni mila. Sirilo, hamishia ngoma yako chini ya dirisha." Babu Sirilo akahamia chini ya dirisha, akaliziba kwa mgongo wake mpana.

Na Zefirina? Zefirina alikwenda jikoni. Hakuleta chumvi ya kubana kwa vidole. Alileta sufuria ya wazima: samaki wa chumvi na mikia ya nguruwe ya chumvi, haijalowekwa ipasavyo kwa sababu ya haraka za kaburini, na bakuli zima la chumvi juu yake. "Mume wangu, karibu," akasema, akapitisha dirishani juu ya kichwa cha Sirilo. Mkono ukatoka, wenye jasho, wenye udongo kwenye kucha, ukavuta sufuria ndani. Babu Sirilo aliutazama ule mkono ukipita mbele ya macho yake akasema, "Marehemu amenenepa."

Wakasikia kula. Kula kwa mtu aliyefika. Kisha kula kukapungua. Kisha kukawa kimya, na jua lile la utosi juu ya paa la bati, na chumba kimefungwa.

"Zefirina," sauti ikasema, sasa imekauka. "Maji."

Mama Idoni akajibu yeye. "Wazee hawapewi maji. Wazee humwagiwa ramu kizingitini, na ile ya mezani naona mmeshaimaliza." Akachukua chupa akadondosha matone matatu kwenye kizingiti, kama mila inavyotaka, wala hakuongeza la nne. Ndani wakasikia kitu kikilamba sakafu.

Hapo ndipo Zefirina alipoagiza vibuyu viwili, kimoja kimejaa maji ya chemchemi ya bondeni, kingine kitupu. Akakaa karibu na mlango. Akayamimina maji kutoka kibuyu hiki kwenda kile, taratibu, kutoka juu, yalie. Chururururu. Halafu akayarudisha. Chururururu.

"Bartelemi," akasema, "mimi nina kiu ya neno. Lile shamba la bondeni ulisema ni la nani? Ngoma zilikuwa zinalia, sikusikia vizuri."

"La Teofani," ikasema sauti, lakini kidogo.

Chururururu.

"La nani, mume wangu?"

"Nusu la Teofani, nusu lako."

Zefirina akainamisha kibuyu, akamwaga funda zima mavumbini, na kila mtu akasikia yakinywewa na ardhi.

"Usiyamwage!" sauti ikapiga kelele, na kikohozi ikasahau. "Lote ni lako! Lote, Zefirina, na chemchemi, na mashelisheli, na ukuta! Teofani ni mlafi, asikanyage!"

"Ah, usimseme vibaya mdogo wako," akasema Zefirina. "Sema tu akitaka kuingia apige hodi."

"Apige hodi! Apige hodi, jamani!"

Mama Idoni akasimama juu ya kiti. "Mmesikia wote? Neno la marehemu Siku ya Jiwe lina rufaa?"

"Halina!" uani wote ukaitika, na padri, aliyekuwa amesimama nyuma karibu na sufuria za wageni, akaitika kuliko wote.

Zefirina akapitisha kibuyu dirishani. Bibi yangu alisema walisikia kila funda likishuka.

Kisha Mama Idoni akaamuru ngoma ya kuwasindikiza wazee. Ikilia hiyo, watu wote hugeukia barabarani, kuwapa wazee mgongo, kwa sababu si heshima kumtazama mgeni akiondoka. Wakageuka. Sirilo naye akaondoka dirishani akageuka. Nyuma yao wakasikia dirisha likifunguka wazi kabisa, kitu kikihema, halafu kishindo, pu! Kuku wakatawanyika. Halafu, "Aaai, mguu wangu!"

"Wazee wanaondoka," akasema Mama Idoni, akitazama mbele.

Hakuna aliyegeuka. Wengine walikuwa wanajiuma vidole.

Chakula cha wazima kilipokuwa kinapakuliwa, Teofani akatokea barabarani, anachechemea, midomo imekauka imepasuka kama njia ya kiangazi. "Poleni jamani," akasema, "tumbo lilinisumbua, ndiyo nafika. Je, kaka yangu alitoa ishara?"

"Alitoa, shemeji," akasema Zefirina, akamsogezea kiti. "Aliongea kwa mdomo wake. Alisema shamba ni langu, lote."

Teofani akaruka. "Lakini mwanzo alisema—"

Akaziba mdomo kwa mkono. Watu wote walikuwa wameacha kutafuna, wanamtazama. Babu Sirilo akainamisha sikio lake linalosikia vizuri. Mama Idoni akaegemea fimbo yake, na kila mtu pale alijua anachokisubiri, maana mtu aliyesikia mwanzo lazima alikuwa mahali, na mahali penyewe palikuwa pamoja tu, mle chumbani.

"Mwanzo alisema nini, shemeji?" akauliza Zefirina. "Kwani ulikuwepo?"

Teofani akafikiria shamba. Kisha akafikiria jeneza lake likipita njiani bila ngoma hata moja, bibi yangu alisema ungeweza kuona kabisa anavyofikiria. Akakaa kwenye kiti. "Nasema," akasema, "mwanzo na mwisho, neno la kaka yangu naliheshimu. Shamba ni lako."

"Ahsante, shemeji." Zefirina akampakulia sahani, akaijaza, wala hakumnyima kipande, kisha akashika bakuli la chumvi. "Nikuongezee?"

"Hapana," akasema Teofani haraka. "Leo sitaki chumvi."

"Ongeza tu," akasema Zefirina, safari hii kwa sauti ya kusikiwa na uani wote. "Jisikie nyumbani. Mzimu ndio hauombi chumvi."

Loo! Kicheko kilichokuwa kimefungwa tangu saa sita kikapasuka. Babu Sirilo alianguka kwenye kiti akaendelea kucheka akiwa chini. Padri alipaliwa na mbaazi. Teofani alitazama sahani yake, akatazama watu, mwishowe naye akacheka, afanye nini. Na tangu siku hiyo kila akienda bondeni alisimama nje ya ukuta akapiga hodi, na Zefirina akimjibu "karibu" alimpa shelisheli moja, ya kumkabidhi mkononi, si ya kwapani. Zefirina aliishi katika shamba lile mpaka uzee wake, na hakuna wifi aliyewahi kumtazama mdomoni.

Basi ndiyo hiyo. Mtu akija kwenu amevaa asichokuwa, awe anajifanya mgonjwa kama huyu ndugu yenu, au mnyonge, au mtakatifu, msihangaike kumvua kwa nguvu. Mpeni kiti, mwekeeni chakula, mngojeni. Atakiomba mwenyewe kile anachokitaka.

Jovito, usininunie, njoo ule ndizi zako, nilikuwekea. Na chumvi ile pale, mwanangu, chota kadiri upendavyo, maana wewe ni mzima kabisa na kijiji kizima kinajua. Mzimu hauombi chumvi.